Herufi ya Barabara na Mpaka wa Mji: Mfano wa Manyatta

Nchini Kenya barabara haipewi herufi kwa sababu ina lami. Hupewa kwa kazi yake: inaunganisha wapi na wapi. Ndiyo maana barabara ya murram yaweza kuorodheshwa juu ya nyingine iliyotiwa lami. Katika utaratibu wa zamani, herufi A hadi E zilishuka kutoka barabara za kimataifa hadi njia ndogo za vijijini; ile ya Embu kwenda Meru ilikuwa B6. Pembeni yake zilikuwapo herufi za kazi maalumu. T ilikuwa ya majani chai, na mantiki yake inaeleweka upesi kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ambako jani halisubiri matope yakauke.

Katiba ya 2010 iliiongezea herufi uzito. Jedwali la Nne liliiachia serikali ya kitaifa barabara kuu, zilizobaki zikawa za kaunti. Kujua herufi sasa ni kujua nani wa kulaumiwa kwa mashimo. Orodha ya 2016 ilihesabu kilomita 161,451: za kitaifa 39,995, za kaunti 121,456. Kwa orodha hiyo, vijijini S, A, B na C ni za kitaifa, D hadi G za kaunti. Miji ina herufi zake, kuanzia H.

Kwa hiyo lazima ijulikane mji unaishia wapi, na hapo sheria nyingine inaingia. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, iliyorekebishwa 2019, inataka wakazi 50,000 kwa manispaa na 10,000 kwa mji. Hati ya manispaa hutolewa na gavana kwa idhini ya bunge la kaunti, baada ya kupima pia uwezo wa kukusanya mapato, nafasi ya kupanuka na mahali pa kutupa taka.

Kigezo cha idadi ndicho dhaifu zaidi, kwa sababu idadi huzaliwa na mpaka wenyewe. Eneobunge la Manyatta, katika Kaunti ya Embu, linagusa kaunti ndogo mbili. Sensa ya 2019 ilipata watu 127,100 Embu Magharibi, palipo mji wa Embu, na 79,556 Embu Kaskazini. Hesabu hiyo ya pili inapita kiwango cha manispaa, ilhali sehemu kubwa ya eneo ni mashamba ya chai na kahawa, na nyumba zimetawanyika kufuata barabara. Mpaka ukisukumwa mbali, wakazi wanatimia lakini mashamba yanaingia mjini. Ukibanwa, maduka ya kando ya barabara yanabaki kijijini kisheria.

Herufi na mpaka vinagusa pia fedha: zile za matengenezo ya barabara hutokana na ushuru wa mafuta, uliopanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita Julai 2024, na magavana na wabunge wamekuwa wakivutana juu ya mgao wake. Kuchora mpaka wa mji bila orodha ya barabara mezani ni kazi nusu.