Hamu ya Kula Hupimwaje? Somo la Pemba kwa Akupancha ya Umeme

Mwaka 2004 jarida la Journal of Nutrition lilichapisha utafiti uliofanyika kisiwani Pemba, Zanzibar, ambao pamoja na mambo mengine ulipima kitu kigumu kukipima kuliko homa au uzito: hamu ya kula. Rebecca Stoltzfus na wenzake waliwafuatilia watoto 459 wa umri wa miezi 6 hadi 71 kwa mwaka mzima. Walikuwa wakichunguza madini ya chuma na dawa ya minyoo. Hata hivyo, namna walivyoipanga kazi yao inatufaa leo kuipima tiba nyingine kabisa, akupancha ya umeme, inayodaiwa kuwapunguzia watu wanene hamu ya kula.

Tiba yenyewe

Mtaalamu huchoma sindano nyembamba sana kwenye sehemu maalumu za mwili. Maarufu zaidi ni ile iliyo vidole vinne chini ya pia ya goti, nje kidogo ya mfupa wa muundi. Nyingine ziko pembeni mwa kitovu. Sindano huunganishwa mbilimbili kwa vibano na kijimashine kinachotoa umeme mdogo wa kupigapiga. Mgonjwa hulala takriban nusu saa, akihisi misuli ikicheza.

Kasi ya mapigo ina maana yake. Han Jisheng wa Beijing alionyesha kwamba mapigo 2 kwa sekunde huufanya mfumo wa fahamu utoe kemikali za endofini na enkefalini, na mapigo 100 huufanya utoe dinofini. Kwa panya walionenepeshwa kwa chakula cha mafuta, umeme huo umepunguza ulaji na kubadilisha kemikali za njaa na shibe katika haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia ulaji. Kwa hiyo kuna msingi wa kibiolojia. Kwa binadamu ushahidi ni hafifu zaidi: tafiti nyingi ni ndogo, za muda mfupi, na mara nyingi mgonjwa anayechomwa sindano hupewa pia masharti ya chakula. Akipungua kilo chache, sifa ni ya sindano au ya sahani?

Walichofanya Pemba

Kundi moja la watoto lilipewa chuma, miligramu 10 kila siku, pamoja na dawa ya minyoo ya mebendazo, miligramu 500 kila baada ya miezi mitatu. La pili lilipewa chuma na dawa ya minyoo ya bandia. La tatu lilipewa mebendazo na chuma bandia. La nne lilipewa bandia zote mbili. Mtoto aliingia kundi gani liliamuliwa kwa bahati nasibu, na si mzazi wala mtafiti aliyejua nani kapata nini. Kwa mpango huo, utafiti mmoja ulijibu maswali mawili bila kuyachanganya.

Hamu ya kula ilipimwa kwa kuwauliza akina mama. Mtu anaweza kudharau kipimo hicho, kwa kuwa mama anayetamani mwanawe ale ataona amekula. Lakini matumaini yale yalikuwepo katika makundi yote manne kwa kiwango kilekile, kwa sababu hakuna mama aliyejua dawa gani ni ya kweli. Tofauti iliyobaki ilitokana na dawa. Chuma na mebendazo, kila kimoja, viliongeza hamu ya kula. Mebendazo ilipunguza pia ukondefu, ila kwa watoto wa chini ya miezi 30 tu.

Sindano bandia

Hapa ndipo akupancha inapokwama. Kidonge bandia ni rahisi kutengeneza. Sindano bandia ni shida. Mwaka 1998 Konrad Streitberger wa Heidelberg alieleza sindano butu inayorudi ndani ya mpini wake, hivi kwamba mgonjwa huhisi kuguswa na kudhani amechomwa. Lakini hata kugusa ngozi huamsha neva, na umeme unaochezesha misuli hauigiziki kirahisi. Mtaalamu anayechoma naye anajua anachofanya. Ndiyo maana swali la kwanza kwa kila utafiti wa tiba hii ni hili: wale wengine walipewa nini?

Idadi nayo ni hoja

Pemba ilitoa somo la pili, zito zaidi. Utafiti wa Sunil Sazawal na wenzake, uliochapishwa katika The Lancet mwaka 2006, uliwahusisha watoto 24,076. Agosti 2003 utoaji wa chuma na asidi ya foliki katika utafiti huo ulisimamishwa: hatari ya kufa au kulazwa hospitali kwa ugonjwa mkali ilikuwa juu kwa asilimia 12 kwa waliopewa. Madini yaleyale yaliyoongeza hamu ya kula katika watoto 459 yalionyesha hatari pale walipohesabiwa maelfu, katika kisiwa chenye malaria nyingi. Faida ikionekana kwa watu wachache, bado hatujapata jibu kuhusu madhara.

Utafiti unaofaa kufanyika

Wapemba si wageni wa waganga wa China. Timu za madaktari wa jimbo la Jiangsu zimekuwa zikija Zanzibar tangu 1964, na Hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani, ilijengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa 2016. Maabara ya Ivo de Carneri, Wawi, ina uzoefu wa miaka mingi wa utafiti. Tiba hii ikitaka kuaminiwa hapa, ipitie mpango uleule wa makundi manne: umeme wa kweli au wa bandia, pamoja na ushauri wa lishe au bila ushauri huo. Mizani ishikwe na mtu asiyejua nani yuko kundi gani. Hamu ya kula isiishie kuulizwa kwa mdomo. Sahani ya wali ipimwe kabla na baada ya mlo. Wagonjwa wafuatiliwe mwaka mzima, kwa sababu uzito hupenda kurudi.

Mpaka hapo, mtu mnene asiuzwe sindano kwa ahadi. Ana haki ya ushahidi wa kiwango kilekile kilichotumika kwa watoto wa Pemba.