Mdomo wa Birika

Birika linalochuruzika ni kero ndogo inayodumu miaka. Chai inatoka vizuri, kikombe kinajaa, na pale mkono unapolirudisha birika, mchirizi mwembamba unateremka chini ya mdomo, unafuata shingo mpaka tumboni, unaishia kwenye kitambaa cha meza. Kule Pito, karibu na mji wa Sumbawanga, baridi ya Juni na Julai humfanya mtu akishike kikombe kwa mikono miwili. Chai inayomwagika hapo haipuuzwi: sukari imo, tangawizi imo, na kwa mama anayeuza chai na maandazi, faida nayo imo.

Nimependa kukaa kwenye kibanda cha fundi bati mmoja wa hapo na kumtazama akiyashughulikia mabirika ya namna hii. Haanzi na nyundo. Anatia maji, anamimina pole pole kwenye kopo, kisha anamimina kwa kasi, na muda wote macho yake yako chini ya mdomo, pale tone linapojishika.

“Shikamoo mama. Birika lako halijatoboka.”

“Marahaba mwanangu. Mbona linalia basi?”

“Mdomo mnene.”

Jibu hilo fupi lina elimu ndani yake. Mabirika mengi ya aluminiamu ya kiwandani yamekunjwa ukingo wa mdomo ukawa wa mviringo, usimkate mtu kidole. Mviringo huo ndio unaoipa chai njia ya kugeuka. Ukimimina taratibu, chai haina nguvu ya kuachana na bati. Inazunguka ukingo na kurudi chini. Mwaka 1956 mwanasayansi Markus Reiner aliandika kuhusu jambo hili na kuliita athari ya birika la chai. Mwaka uliofuata Joseph Keller, mtaalamu wa hesabu wa Marekani, akaonyesha kwamba pale chai inapokunja kona, mgandamizo ndani yake hushuka chini ya ule wa hewa ya nje, na hewa ndiyo inayoisukuma kwenye bati. Mwaka 2021 watafiti wa Vienna waliongeza kwamba chini ya ukingo daima hubaki tone dogo, na mwendo wa kumimina ukipungua kupita kiasi, tone hilo huuvuta mkondo wote. Fundi wetu hulitazama tone hilohilo kila siku.

Sasa kazi yenyewe. Anaukunjua ukingo kidogo kidogo kwa koleo, akizungusha birika badala ya mkono, maana aluminiamu ikilazimishwa hupasuka. Kisha anapiga tupa kutoka chini tu. Tupa inasukumwa kuelekea nje, inanyanyuliwa, inarudishwa hewani, inasukumwa tena. Hairudi nyuma ikiwa imegusa bati. Upande wa ndani hauguswi, ubaki laini chai ipite bila kusitasita. Mara kwa mara anapitisha ubavu wa kidole gumba chini ya mdomo. Anatafuta ukingo uliochongoka vya kutosha kuikata chai, lakini usiomkata anayeosha vyombo, na kati ya hayo mawili nafasi ni ndogo mno. Mwisho anaiinamisha ncha kidogo, anapiga msasa, anasuuza vumbi lote la bati na kujaribu tena kwa maji, pole pole, kwa sababu kumimina kwa kasi hakupimi chochote.

Ufipa, eneo ilipo Pito, ina historia ndefu ya chuma. Wafipa wa zamani walijenga malungu, tanuri za udongo ndefu kuliko mtu, zilizovuta upepo zenyewe kupitia matundu ya chini bila mivukuto. Mivukuto ilitumika katika hatua iliyofuata, kwenye tanuri ndogo ya kintengwe iliyosafisha chuma. Sidai kwamba fundi huyu ameurithi ufundi huo, kwani bati lake limetoka kiwandani. Ninachokiheshimu kwa wote ni uleule uangalifu wa kujua hewa itafanya nini kabla ya kushika chombo.

Birika la enameli lisipigwe tupa. Rangi ikibanduka, kutu inaingia. Hilo lipake siagi kidogo sana chini ya mdomo: mafuta huikataa chai, nayo huachia. Usilijaze pomoni, na ukimaliza kumimina, lirudishe kwa haraka.

Lakini lile la aluminiamu lipeleke kwa fundi. Akikwambia atalipaka lehemu, kataa, maana lehemu nyingi zina risasi, na risasi haifai karibu na chai. Mwombe apige tupa chini ya mdomo. Bei atakayoitaja, usimwombe apunguze.