Ujirani wa Kima na Papa

Kisa cha kima na papa, kilichochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 kama kilivyosimuliwa Unguja, kingali kinafaa kusomewa mtoto wa Mikocheni, anayekulia nyuma ya ukuta mrefu na geti lililofungwa. Kima yu juu ya mkuyu ulioinamia bahari. Kila siku humtupia papa matunda. Ndivyo ujirani uanzavyo: kwa kitu kidogo kisichohesabiwa. Kisha papa humwalika kwao, akampakia mgongoni, na katikati ya bahari akamwambia kuwa sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kuwa moyo ameuacha mtini.

Vitabu vingi vya watoto vya leo vingemtubisha papa katika ukurasa wa mwisho, wote wakala karamu. Msimulizi wa Unguja hakufanya hivyo. Katika kisa chake anayejifunza ni kima: kumgawia jirani kuyu ni wema, lakini moyo haukabidhiwi kwa mwaliko mtamu. Mtoto anahitaji mafunzo yote mawili. Waandishi wetu na wamwache papa na meno yake.