Sekunde Mbili za Caster Semenya

Agosti 2012 tulijazana sebuleni kwa mjomba kutazama fainali ya mita 800 wanawake, Olimpiki ya London. Caster Semenya wa Afrika Kusini alikaa nyuma karibu mbio nzima, akachomoka mwishoni, akawa wa pili. "Huyu kaachia makusudi," nikasema, na sebule nzima ikakubali. Maneno hayo yamenirudia nikisoma tawasifu yake, The Race to Be Myself, iliyotoka 2023. Kusema kweli, nimeona aibu.

Ukitazama karatasi ya matokeo peke yake, tulikuwa na hoja. Berlin 2009, akiwa na miaka 18, alitwaa ubingwa wa dunia kwa 1:55.45, akimwacha Janeth Jepkosgei wa Kenya kwa zaidi ya sekunde mbili. London alikimbia 1:57.23. Mtu anakomaa, halafu anapungua kasi?

Kitabu kinajibu. Kabla ya Berlin alipimwa jinsia huko Pretoria, mwenyewe akidhani ni vile vipimo vya kawaida vya dawa za kuongeza nguvu. Kufika siku ya fainali, habari ilishavuja dunia nzima, na bado akaingia uwanjani. Ili aruhusiwe kurudi mbioni mwaka 2010 akaanza kumeza vidonge vya homoni, vya kushusha testosteroni ambayo mwili wake unaitengeneza wenyewe. Anasimulia kichefuchefu, homa, maumivu ya tumbo yasiyokatika, uzito kuongezeka. Na mazoezi yako palepale. Baadaye hata goti lilimsumbua, kwa hiyo si kila kushindwa kwake ni kwa sababu ya vidonge. Ila zile sekunde mbili kasoro za London siwezi tena kuziita hila.

Tena kuna hili: Mariya Savinova wa Urusi, aliyeshinda siku ile, alikuja kunyang'anywa medali kwa kutumia dawa, na dhahabu ikaenda kwa Semenya. Mmoja alitumia dawa ili apande, mwingine akatakiwa atumie dawa ili ashuke. Sisi tulimpigia makofi yule wa kwanza.

Kama kazi ya fasihi, kitabu kina kasoro zake. Semenya anatukumbusha mara nyingi mno kwamba hakuvunjika, mpaka unahisi anajikinga hata na msomaji. Wapinzani wake, ambao nao ni wanawake waliojinyima miaka na miaka, wanapata nafasi ndogo, na swali lao kuhusu usawa wa mashindano linapitwa haraka. Kurasa zinazopumua ni zile anazoiweka ngao chini, hasa akimsimulia mkewe, Violet Raseboya. Walipokutana msalani mwaka 2007, Violet alidhani ni mvulana kapotea njia. Semenya anacheka, nasi tunacheka naye, lakini tunajua kicheko hichohicho kilivyomfuata viwanjani.

Nilipofunga kitabu nilijikuta nawaza jukwaa la Rio 2016: Semenya dhahabu, Francine Niyonsaba wa Burundi fedha, Margaret Wambui wa Kenya shaba. Kanuni mpya za homoni zilipoanza kutumika 2019, wote watatu walifungiwa mlango wa mita 800 kama hawatashusha homoni zao. Niyonsaba alihamia mbio ndefu, na mwaka 2021 akaweka rekodi ya dunia ya mita 2,000. Semenya amekwenda mahakamani, na ameandika. Hao wawili wametoka huku kwetu, lakini tunawajua kwa muda waliokimbia tu.

Someni kitabu hiki, hata kama msimamo wenu kuhusu kanuni hizo hautabadilika. Wangu kuhusu kanuni bado unayumba. Ila "kaachia makusudi" sisemi tena.