Bangili ya Adui

Katika mashujaa wote wa katuni, nimpendaye zaidi ni Spider-Man, aliyebuniwa huko Marekani mwaka 1962 na Stan Lee na Steve Ditko. Nampenda kwa kuwa ni kijana wa shule, mwenye masomo na shida za fedha kama vijana wengine.

Wengi huuliza ni lini vyombo vya mashujaa hawa vitatufikia. Kimoja kimekwisha kufika. Mwaka 1977 katuni yake ilianza kutoka magazetini kila siku. Katika kisa kimojawapo adui yake, Kingpin, alimvika bangili ya kielektroniki ili ajue kila aendako. Jaji Jack Love wa Albuquerque alikisoma kisa hicho, akaona njia ya kumwadhibu mkosaji bila kumtia gerezani. Mwaka 1983 bangili ya kweli ilianza kutumika, safari hii mguuni.

Basi msomaji atazame: kilichotoka katunini si utando wa shujaa, bali ni pingu ya adui. Simlaumu jaji, heri kulala nyumbani kuliko gerezani. Lakini katika kisa bangili ile ni fedheha, na msomaji humwombea shujaa aivue. Hilo tusilisahau. Nimelea wanafunzi na walimu miaka mingi: atendaye mema kwa sababu anachungwa, utamjua siku mlinzi akisinzia. Bangili huonyesha mtu alipo, haionyeshi alivyo.