Usanifu wa Mfumo: Uhakiki wa Istilahi Moja ya Kompyuta

Kazi ya kuunda istilahi aghalabu hutazamwa kama kazi ya kutafuta maneno tu. Mtaalamu huleta dhana, mwanalugha huleta neno, baraza hulipitisha, na jambo likaisha. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba zipo istilahi ambazo uteuzi wake huamua pia mambo ambayo watu watathubutu kuyauliza. Tumechagua neno usanifu, kama linavyotumika siku hizi katika nyaraka za kompyuta, hasa katika fungu la maneno usanifu wa mfumo. Pamoja nalo tutayatazama maneno mawili yanayoandamana nalo: tathmini na kusomana.

Sababu ya kuandika tuliipata mjini Mtwara. Tuliombwa kuikagua lugha ya kitini kimoja cha mafunzo kilichotafsiriwa kwa ajili ya makarani wa vyama vya msingi vya ushirika, wale wanaopima korosho za mkulima na kuziandikisha. Kitini kilisema kwamba programu waliyokuwa wakifundishwa ni "mfumo uliosanifiwa". Karani mmoja, mtu mzima aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi, alitaka kujua kwa nini uzito ulioandikwa kimakosa hauwezi kusahihishwa pale pale chamani, ila mpaka ombi lipelekwe mbali. Kabla mkufunzi hajafungua kinywa, kijana aliyeketi karibu akamjibu: "Mzee wangu, si umesikia mfumo umesanifiwa? Kitu sanifu hakibishiwi." Wengine wakaitikia, na swali likafa.

Kijana yule hakukosea Kiswahili. Alilifahamu neno kama wengi wetu tunavyolifahamu. Kosa lilikuwa letu sisi watunga istilahi na wafasiri.

Dhana yenyewe

Neno la Kiingereza linalofasiriwa usanifu lina asili ya Kiyunani, na maana yake ya kwanza ni fundi mkuu wa wajenzi. Lilifafanuliwa katika fani ya kompyuta na Frederick Brooks wa kampuni ya IBM, katika sura aliyoiandika mwaka 1962 kuhusu kompyuta iitwayo Stretch. Likaenea baada ya kampuni hiyo kutangaza kompyuta za System/360 mwaka 1964. Brooks alikuwa na maana ya wazi: kuyatambua mahitaji ya mtu atakayekitumia kitu, kisha kubuni namna ya kuyatimiza kwa kadiri mali na ufundi vinavyoruhusu. Mwaka 1972 David Parnas alionyesha kwamba programu nzuri hugawanywa katika sehemu ambazo kila moja huficha ndani yake uamuzi unaoelekea kubadilika, ili ukibadilika usizivuruge sehemu nyingine.

Mtu wa pwani ya Msimbati na maingilio ya Ruvuma hahitaji kompyuta ili aielewe dhana hii. Katika mashua, ubao uliooza hung'olewa ukatiwa mwingine, tanga hushonwa upya, kalafati hurudiwa. Lakini mkuku ukishalazwa na mataruma yakishasimamishwa juu yake, umbo la chombo limekwisha kuamuliwa: shehena kitakayochukua, kina cha maji kitakakoweza kuingia, na jinsi kitakavyostahimili kusi. Mwenye kutaka kuubadili mkuku hana budi kuunda chombo kingine. Basi dhana tunayoizungumzia ni ile ya maamuzi ya mkuku: yale machache ambayo gharama ya kuyageuza baadaye ni kubwa kuliko ya mengine yote.

Udhaifu wa neno usanifu

Kitenzi sanifu kimetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kupanga kwa aina na kutunga kitabu. Katika Kiswahili cha leo neno hili linabeba angalau maana tatu:

(a) kubuni au kutunga kwa ustadi, kama katika usanifu wa majengo;
(b) kuchagua umbo moja kati ya mengi na kulifanya la wote. Maana hii ilipata nguvu baada ya Kamati ya Lugha kuundwa mwaka 1930, hata leo Kiswahili Sanifu ni jina la lugha yenyewe;
(c) hali ya kitu kilichokwisha kukubaliwa na wenye mamlaka.

Maana (a) inamtaja mtu anayeamua. Maana (b) na (c) zinamficha mtu huyo na kuliacha tokeo lisimame peke yake kama sheria. Mfasiri alikusudia ya kwanza. Makarani walisikia ya tatu. Kutokana na hayo, uamuzi wa kawaida uliofanywa na watu fulani kwa sababu fulani uligeuka kuwa jambo lisilojadiliwa.

Tatizo hili limekawia kuonekana, na sababu yake ni ya kihistoria. Nchi yetu ilizuia uingizaji wa kompyuta mwaka 1974. Hivyo katika miaka ambayo istilahi za sayansi nyingine zilikuwa zikijadiliwa kwa bidii, mashine zenyewe zilikuwa chache. Istilahi zilipokuja kutungwa kwa wingi, zilikuwa za mtumiaji. Mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice. Ilikuwa kazi ya kusifiwa. Lakini maneno yake yalikuwa ya mtu aliyeketi mbele ya kioo: faili, hifadhi, chapisha. Maneno ya kumhoji aliyekibuni kitu hicho hatukuyatunga.

Maneno mbadala

Wako wanaopendekeza ubunifu. Hoja yao ina uzito, kwani dola yenyewe imelipokea neno hilo: tunayo Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Hata hivyo ubunifu limekuwa pia neno la kusifia. Kila aliyegundua kitu kipya huitwa mbunifu, na mashindano huandaliwa kwa jina hilo. Kama usanifu linafunga mjadala kwa mamlaka, ubunifu linaweza kuufunga kwa sifa.

Wengine wanapendekeza muundo. Neno hili ni jepesi, halisifii wala haliamuru, na watumishi wa serikali wanalijua sana. Upungufu wake ni kwamba linataja tokeo tu na kuliacha tendo.

Rai yetu ni kwamba hapa pana dhana mbili, na kosa limetokana na kutaka neno moja lizibebe zote. Tunapendekeza muundo wa mfumo liwe jina la tokeo, na usanifu libakizwe kwa tendo la kuamua, ambalo lazima liwe na mwenyewe. Kauli ya "mfumo uliosanifiwa", isiyotaja nani wala kwa nini, iachwe kabisa. Mahali pake iandikwe: "Muundo wa mfumo huu ulisanifiwa na watu hawa, kwa sababu hizi." Sentensi hii ni ndefu zaidi, lakini msomaji wake anajua amuulize nani.

Mintarafu ya tathmini

Katika ofisi zetu neno tathmini limeshikamana na ufuatiliaji, nalo huja mradi ukishatekelezwa. Lakini maamuzi ya mkuku hupimwa kabla mbao hazijapigiliwa. Mtwara wanao ushahidi wa jambo hili mbele ya macho yao. Mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947 ulijengewa bandari ya kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga hazikupatikana kwa kiasi kilichotarajiwa, mpango ukaachwa mwaka 1951, na katika miaka ya mwanzo ya 1960 reli nayo ikafungwa na kung'olewa. Bandari ilisalia, na leo inapitisha korosho. Tathmini ya baadaye iliweza kuihesabu hasara, lakini haikuweza kuizuia.

Maneno uhakiki na ukaguzi hayafai vilevile. La kwanza limekwisha kushikwa na vyeti vya watumishi kwa upande mmoja na fasihi kwa upande wa pili; la pili ni la hesabu. Sisi tunapendekeza upimaji wa muundo. Kupima ni neno la ghalani, na kila mkulima anajua kwamba mzani hutazamwa kabla ya gunia kupakiwa.

Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, huko Marekani, walitunga njia za upimaji wa namna hii. Wenye mfumo, waundaji na watumiaji huketi pamoja. Hawaulizi kama mfumo ni mzuri. Kila mmoja huleta habari ya tukio mahususi, na muundo hujaribiwa kwa tukio hilo. Wafasiri wameliita tukio hilo "hali tarajiwa", maneno ambayo hayamwiti mtu kusema. Kiswahili kinalo neno kisa. Mwambie karani alete kisa, naye ataleta: mkulima wa Tandahimba amefika na magunia yake, umeme umekatika, uzito umeandikwa pungufu, na mnada ni kesho. Je, muundo huu utafanya nini?

Kisa hiki ndicho alichokuwa nacho yule mzee. Kama angeruhusiwa kukieleza, mkufunzi naye angepata nafasi ya kusema upande wa pili: karani mwaminifu akiweza kusahihisha uzito chamani, karani mwizi naye ataweza. Muundo unaozuia wizi unachelewesha haki, na unaoharakisha haki unalegeza ulinzi. Hali hii ya sifa mbili njema kuvutana, wataalamu wanaitazama kama kiini cha upimaji wote. Tunapendekeza iitwe mvutano wa sifa. Mvutano hauondolewi kwa kunyamazisha upande mmoja; huamuliwa, na uamuzi ukaandikwa.

Kusomana

Neno la tatu hatuna haja ya kulisahihisha, bali kulishukuru. Viongozi na watendaji wa serikali husema kwamba mifumo lazima "isomane". Neno hili ni fupi, ni la Kiswahili halisi, na mnyambuliko wake wa kutendeana unaeleza barabara kwamba kila upande unatoa na kupokea. Istilahi ndefu ya kitabuni haitalishinda.

Tunaongeza tahadhari moja tu. Kusoma si kuelewa. Stakabadhi za ghala zilianza kutumika katika korosho msimu wa 2007/2008, chini ya sheria ya mwaka 2005. Na tangu msimu wa 2024/2025 minada inaendeshwa kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania. Kati ya mkulima na fedha zake wapo chama cha msingi, ghala, chama kikuu, mnada na benki. Mwaka 1968 Melvin Conway alisema kwamba mfumo wowote huchukua umbo la mawasiliano ya taasisi iliyouunda, na hapa tunaliona hilo. Ikiwa chamani "mkulima" ni mwanachama mwenye namba, na benki ni mwenye akaunti, na kwingineko ni mwenye shamba, mifumo itasomana neno kwa neno na bado mjane anayelima shamba la marehemu mumewe asionekane popote. Mifumo hiyo itakuwa imebadilishana herufi tu.

Hitimisho

Kwa hiyo kukubaliana juu ya maana ya neno "mkulima" ni sehemu ya usanifu wenyewe, wala si mapambo ya kutiwa kazi ikishakamilika. Wanalugha hawana budi kuwapo mkuku unapolazwa. Wakiitwa wakati wa kupaka rangi watakuwa wamechelewa.

Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa serikali wayajaribu mapendekezo haya katika kazi zao: muundo kwa tokeo, usanifu kwa tendo lenye mwenyewe, upimaji wa muundo, kisa, na mvutano wa sifa. Watakaoona upungufu watuandikie. Nasi tusingependa istilahi hizi zichukuliwe kuwa zimekwisha kusanifiwa, kwa maana ile ya kijana wa Mtwara.