Bosambo Kabla ya Pazia: Matarajio ya Filamu ya Paul Robeson, 1934–1935

Uhakiki wa filamu kwa kawaida huanza pale taa za jumba la sinema zinapozimwa. Mhakiki huitazama kazi, akaichambua fani na maudhui yake, kisha akatoa hukumu. Lakini ziko kazi ambazo sehemu muhimu ya historia yake ilitukia kabla hazijaonyeshwa, wakati watu walipokuwa bado wakizingojea. Filamu ya "Sanders of the River", iliyotolewa mjini London mwezi wa Aprili 1935, ni mojawapo. Yenyewe ni hadithi ya kuutukuza ukoloni wa Kiingereza, na yamkini ingekwisha kusahauliwa pamoja na nyingine za aina yake. Inayoifanya istahili kuchunguzwa na wanafunzi wa lugha za Kiafrika ni kwamba mwigizaji wake, Paul Robeson, aliingojea kwa hamu kubwa, na hamu hiyo ilitokana kwa kiasi kikubwa na lugha.

Robeson alizaliwa Princeton, New Jersey, mwaka 1898. Baba yake alizaliwa mtumwa katika jimbo la North Carolina, akatoroka alipokuwa kijana, na baadaye akawa mchungaji wa kanisa. Kufikia mwaka 1930 mwana huyu wa mchungaji alikuwa amekwisha kuigiza Othello jijini London, na sauti yake ilijulikana kotekote katika Ulaya kwa nyimbo za kiroho za Watu Weusi wa Marekani. Mwaka 1934 alijiandikisha katika Chuo cha Taaluma za Mashariki cha Chuo Kikuu cha London, kile ambacho leo hujulikana kama SOAS, akajifunza lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwa miongoni mwazo. Mwaka uo huo alichapisha insha akitangaza kwamba alitaka kuwa Mwafrika. Hoja yake ilikuwa kwamba Mmarekani Mweusi anayemwiga Mzungu hujipoteza bure, na kwamba Afrika iliyonyang'anywa mababu zake haikutoweka kabisa, bali imesalia katika mdundo wa usemi na katika nyimbo. Alieleza kwamba alipoingia katika masomo ya lugha hizi hakujiona mgeni.

Mtu wa fikira hizo ndiye aliyeletewa mswada wa Bosambo. Ndugu wawili kutoka Hungaria, Alexander Korda aliyekuwa mtayarishaji na Zoltan Korda aliyekuwa mwelekezi, walikuwa wamekusudia kuigeuza filamu hadithi ya Edgar Wallace. Zoltan alikuwa amesafiri Afrika kwa muda wa miezi kadhaa, akarudi na picha za ngoma, za mitumbwi na za vijiji, pamoja na sauti za nyimbo zilizorekodiwa papo hapo. Robeson alipozisikia alisisimka. Aliona kwamba kwa mara ya kwanza watazamaji wa Ulaya na Marekani wangemsikia Mwafrika akiimba kwa namna yake mwenyewe, na kwamba jina la Bosambo lingebeba heshima ambayo sinema za Hollywood, zenye kumfanya Mtu Mweusi mchekeshaji au mtumishi, hazikupata kuitoa. Kwa hiyo filamu ilitarajiwa kama tukio la kisiasa kabla ya kuwa tukio la sanaa.

Ni rahisi kwa mhakiki wa leo kuyacheka matarajio hayo, na wako waliofanya hivyo. Kicheko hicho hakifai. Robeson alikuwa na ushahidi mikononi: sauti zilikuwa za kweli, ngoma zilikuwa za kweli, na watu waliopigwa picha walikuwa watu halisi katika makazi yao. Kosa halikuwa katika kuithamini nyenzo. Lilikuwa katika kudhani kwamba ukweli wa nyenzo hutosha kuifanya kazi nzima kuwa ya kweli.

Hadithi yenyewe ni fupi. Sanders, aliyeigizwa na Leslie Banks, ni ofisa wa Kiingereza katika Nijeria, mtu ambaye msomaji wa Kenya atamtambua mara moja: ni Bwana DC, pamoja na mashua yake, bunduki zake na mabaraza yake. Waafrika humwita Bwana Sandi. Bosambo ni mhalifu mtoro kutoka Liberia ambaye, baada ya kuungama mbele ya Sanders, hupewa uchifu. Sanders aendapo likizo ili akaoe, walanguzi wa pombe na bunduki hueneza habari kwamba amekufa na kwamba sheria imekufa pamoja naye. Ngoma za kupelekea habari hulia usiku kucha, Mfalme Mofolaba huanzisha vita, na Lilongo, mke wa Bosambo, aliyeigizwa na Nina Mae McKinney, hutekwa. Bwana Sandi hurejea kwa mashua, amani ikarudi, na Bosambo akatawazwa mfalme kwa hisani yake. Mwanzoni mwa filamu huonyeshwa maandishi ya kuwasifu Wazungu wachache wanaofanya kazi kubwa pasipo kusifiwa. Mtazamaji huambiwa jinsi ya kuitazama Afrika kabla hajaiona.

Tuzitazame nyimbo, kwa kuwa ndizo zilizobeba matarajio makubwa zaidi. Muziki ulitungwa na Mischa Spoliansky, na katika baadhi ya sehemu husikika athari za sauti zilizoletwa kutoka Afrika. Wimbo wa makasia, uliopata umaarufu mkubwa kuliko zote, una muundo unaofahamika katika Afrika: kiongozi hutoa, kundi likapokea, na pigo la kasia likatunza wakati. Anayezijua kimai za mwambao wetu hatashindwa kuusikia undugu huo. Lakini maneno yake ni ya Kiingereza, na anayesifiwa katika maneno hayo kwa nguvu, hekima na uadilifu ni Sandi. Si ajabu kwa mwimbaji wa Kiafrika kumsifu mwenye nguvu. Fasihi zetu zimejaa tungo za sifa. Hata hivyo mtunzi wa sifa katika jamii zetu aghalabu huwa na nafasi ya kuonya, kukumbusha na hata kukejeli, kwa sababu anasimama ndani ya jamii inayomfahamu yeye na anayemsifu. Mwimbaji wa mtumbwi wa Bosambo hana nafasi hiyo. Amepewa sauti ya kundi na amenyimwa ulimi wake.

Hapa pana jambo linalowahusu wanaisimu moja kwa moja. Filamu hii ina msamiati wa Kiafrika na sarufi ya kikoloni. Vipashio vyake, yaani ngoma, miili, milio na sura, vilichukuliwa Afrika. Kanuni iliyovipanga vipashio hivyo katika sentensi ilitoka London. Chukua mfano wa ngoma za Waacholi wa kaskazini mwa Uganda. Katika mazingira yake ngoma ya Kiacholi ina msimu wake, wenyewe wake na maana yake. Katika filamu kipande chake kimeungwa na vingine katika hadithi inayodaiwa kutukia Nijeria, na mtazamaji asiyejua huelewa jambo moja tu, kwamba washenzi wamechachamaa. Majina ya makabila yaliyotajwa mwanzoni mwa filamu yanawaweka Waacholi pamoja na watu wa Sierra Leone na Liberia, kana kwamba bara zima lina kijiji kimoja. Na kijiji chenyewe kilijengwa katika studio za Shepperton, nje ya London.

Robeson alidai baadaye kwamba maudhui ya kibeberu yaliingizwa katika siku za mwisho za upigaji picha. Huenda baadhi ya mandhari ziliongezwa wakati huo. Lakini dai hilo haliwezi kuubeba mzigo wote. Kitabu cha Wallace kilikuwa kimechapishwa tangu mwaka 1911, na ubeberu wake haukufichika katika ukurasa wowote. Matarajio yaliyaelekea masikio yote kwenye sauti, yakauacha mswada bila kusomwa kwa jicho kali. Marcus Garvey, aliyekuwa London wakati huo, alimshutumu Robeson hadharani kwa kukubali nafasi kama hizo, na shutuma yake, ingawa ilikuwa na ukali uliopita kiasi, ililenga mahali penyewe.

Robeson hakuwa peke yake. Waigizaji wadogo walikusanywa kutoka miji ya bandari ya Uingereza, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa melini na wa gatini, na miongoni mwa walioigiza machifu alikuwamo Jomo Kenyatta. Kenyatta alikuwa amerudi London mwaka 1931 kwa niaba ya Kikuyu Central Association, na katika miaka hiyo ya thelathini alimsaidia Lilias Armstrong wa University College katika uchunguzi wa fonetiki na toni za Kikikuyu, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1940 baada ya Armstrong kufariki. Kwa hiyo mtu mmoja, katika jiji moja, alitoa sauti yake kwa taaluma na sura yake kwa sinema. Katika taaluma alikuwa mtoa habari. Katika sinema alikuwa mmoja wa wengi wanaomsikiliza Sanders barazani. Mwaka 1938 alitoa kitabu chake "Facing Mount Kenya", na katika picha ya mwanzo amevaa ngozi na kushika mkuki. Vazi na silaha ni za aina ile ile ambayo studio ingemvisha. Tofauti ni kwamba maneno yanayofuata picha hiyo aliyaandika yeye.

Isidhaniwe kwamba mambo haya yalikuwa ya London tu. Mwaka 1935 huo huo ulianzishwa huko Vugiri, katika milima ya Usambara, mpango wa filamu za mafunzo kwa Waafrika, uliodumu hadi 1937 na kutoa filamu zipatazo 35. Waigizaji walikuwa wenyeji, na maelezo yalitiwa katika sahani za santuri kwa Kiswahili na lugha nyingine, zikapigwa filamu ilipoonyeshwa. Kwa kipimo cha Robeson cha mwaka 1934, hapa pangekuwa na tumaini kubwa kuliko Shepperton: mandhari ya Afrika, watu wa Afrika, lugha ya Afrika. Lakini aliyeamua nini kifunzwe, nani awe mjinga wa hadithi na nani awe mwerevu wake, hakuwa mwenyeji wa Usambara.

Swali hili halijapitwa na wakati. Mwezi wa Februari 2018 "Black Panther" ilipoonyeshwa Kisumu, mjadala uliotangulia ulihusu sana matamshi na mavazi, na furaha ya kusikia Kixhosa katika filamu kubwa ya Marekani ilikuwa furaha halali. Idara za lugha za Kiafrika huombwa mara kwa mara kutafsiri mazungumzo ya filamu au kurekebisha lafudhi ya waigizaji. Mtaalamu anayeletewa kurasa tatu za mazungumzo bila mswada kamili amewekwa mahali pale pale alipokuwa Robeson alipokuwa akisikiliza santuri za Korda.

Robeson mwenyewe hakuacha kutarajia. Mwezi wa Desemba 1934, upigaji picha ukiwa umekwisha na filamu haijatolewa, alikwenda Moscow kwa mwaliko wa Sergei Eisenstein, na wakazungumza juu ya filamu ya mapinduzi ya Haiti. Filamu hiyo haikutengenezwa kamwe. Badala yake Robeson alimwigiza Toussaint Louverture katika tamthilia ya C. L. R. James, iliyoonyeshwa London mara mbili tu mwezi wa Machi 1936. Alipoikubali "Song of Freedom" mwaka uo huo, alidai katika mkataba haki ya kuidhinisha filamu katika umbo lake la mwisho. Akaipata. Hadithi ya filamu hiyo ni ya kuli wa gatini London anayegundua kwamba ni mzao wa ukoo wa kifalme, naye akarudi kwao. Utu wake ni kamili na hamwinamii Sanders yeyote, jambo ambalo Robeson alilionea fahari. Lakini kisiwa anachorudi hakimo katika ramani yoyote, na watu wake wanamngoja mgeni kutoka Ulaya aje kuwatoa gizani.